Radoni katika chumba cha chini: kisa cha binti wa Tudor aliyepanga Ames

Kisa hiki ni cha familia moja ya Tudor, Mombasa, na binti yao anayesomea shahada ya uzamili mjini Ames, katika jimbo la Iowa nchini Marekani. Ames ni mji mdogo unaoishi kwa chuo kikuu chake. Mitaa iliyo karibu na chuo ina nyumba nyingi za zamani za mbao ambazo wenyewe huzipangisha kwa wanafunzi chumba kwa chumba, na chumba chenye kodi nafuu kuliko vyote mara nyingi huwa kile kilicho chini ya ardhi. Binti alichukua hicho. Mwezi wa Januari, ambao kule hutumiwa kila mwaka kuwahimiza watu wapime radoni, gesi yenye mionzi itokayo ardhini, majumbani mwao, alinunua kifaa cha bei nafuu, akakiweka chumbani, akakituma maabara kwa posta, na baadaye akapokea karatasi yenye namba moja: 6.8. Aliipiga picha akaituma katika kundi la familia, na kuanzia hapo namba hiyo ilisomwa kwa namna tatu tofauti na watu watatu wanaompenda, na hakuna hata mmoja aliyeisoma sawasawa.

Mjombake alitafuta mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, akaona kiwango kinachopendekezwa ni 100, akaandika kwamba 6.8 ni kidogo mno na mtoto yuko salama. Kakake alipata mwongozo wa Marekani unaosema nyumba irekebishwe ikifikia 4, akaandika kwamba ahame usiku huohuo. Mamake hakuangalia kiwango chochote. Alichosoma yeye ni kwamba gesi hiyo huleta saratani ya mapafu, na kwamba mwanawe amelala ndani yake tangu mwezi wa Agosti. Ndiye aliyenijia, kwa kuwa ni jirani yangu na mimi hufundisha fizikia, na familia imeniruhusu kulieleza jambo hili bila kutaja majina. Ninaloliona ndani yake ni kwamba kipimo cha radoni hueleza hali ya nyumba fulani katika msimu fulani. Anayekisoma kana kwamba ni majibu ya hospitali ya mtu aliyelala humo hujitia hofu isiyo na dawa, na wakati huohuo huacha bila kushughulikiwa kitu chenye dawa, yaani nyumba yenyewe.

Kosa la mjomba ndilo jepesi kulieleza na ndilo lililokuwa la hatari zaidi. Wamarekani hupima radoni kwa pikokiuri katika lita moja ya hewa, ilhali Shirika la Afya Duniani na nchi nyingi nyingine hutumia bekereli katika mita moja ya ujazo. Pikokiuri moja kwa lita ni sawa na bekereli 37 kwa mita ya ujazo, kwa hiyo 6.8 ya Ames ni takriban 252 kwa kipimo alichokisoma mjomba, mara mbili na nusu ya ile 100 iliyomfariji. Mwongozo wa shirika hilo wa mwaka 2009 unapendekeza nchi zijiwekee kiwango cha 100, na pale isipowezekana, kisizidi 300. Kile kiwango cha 4 cha Marekani, kilichowekwa na idara ya serikali ya kuhifadhi mazingira inayojulikana kwa herufi EPA, ni sawa na bekereli 148. Mtu yeyote anayesoma habari za radoni mtandaoni anapaswa kutazama jina la kipimo kabla ya kuitazama namba, kwa sababu namba pekee haisemi chochote.

Radoni ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha. Chanzo chake ni urani, ambayo imo kwa kiasi kidogo karibu katika kila udongo na mwamba. Urani hugeuka polepole, hatua kwa hatua, hadi kuwa radiamu, na radiamu hugeuka kuwa radoni, ambayo kwa kuwa ni gesi hupenya katika vinyweleo vya ardhi na kupanda juu. Uwanjani hutawanyika na upepo na haina neno. Ndani ya nyumba iliyofungwa hujikusanya. Kila baada ya siku 3.8 nusu ya radoni iliyopo huwa imeshageuka kuwa chembe za poloniamu, risasi na bismathi, ambazo nyingi hudumu dakika chache tu au chini ya nusu saa, na hizo ndizo zinazodhuru. Gesi yenyewe mtu huivuta na kuitoa, lakini chembe hizi hushikamana na vumbi, hukwama katika kuta za njia za hewa mapafuni, na hutoa miale ya alfa, ambayo ni aina ya mionzi, papo hapo zilipokwama. Mwaka 1988 wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani aliiorodhesha radoni miongoni mwa vitu vilivyothibitishwa kusababisha saratani kwa binadamu, na EPA hukadiria kwamba huchangia vifo vipatavyo 21,000 vya saratani ya mapafu nchini Marekani kila mwaka, ikiwa ya pili baada ya sigara.

Iowa ina hali yake ya pekee. Kaunti zake zote 99 zimewekwa na EPA katika kanda ya uwezekano mkubwa kabisa wa radoni. Kwa pikokiuri za Wamarekani, wastani wa ndani ya nyumba kwa Marekani nzima ni takriban 1.3, na kwa Iowa ni takriban 8.5. Sababu iko ardhini: barafu kubwa za zama za kale zilisaga miamba na kuacha udongo mzito wa unga na kokoto uliosambaa jimbo zima, wenye radiamu ya kutosha na chembe ndogondogo zinazoiachia gesi kwa urahisi. Kwa hiyo 6.8 haikuwa ajabu mjini Ames. Ilikuwa chini ya wastani wa jimbo, na hilo lilinitia shaka, kwa kuwa chumba cha chini ya ardhi katikati ya majira ya baridi kwa kawaida huwa juu ya wastani.

Nyumba za kule hupashwa moto miezi ile. Hewa yenye joto hupanda na kutorokea kwenye nyufa za juu, na pengo linaloachwa chini hujazwa na hewa inayovutwa kutoka ardhini kupitia nyufa za sakafu, maungio ya sakafu na ukuta, na shimo dogo la kukusanyia maji ambalo nyumba nyingi za namna hiyo huwa nalo. Nyumba huifyonza ardhi kama mtu anavyofyonza dafu kwa mrija. Ardhi ya nje nayo huwa imeganda, kwa hiyo gesi ambayo ingepanda uwanjani hukuta njia rahisi zaidi iko chini ya sakafu ya mtu.

Nilimpigia binti simu ya video nikamwomba anionyeshe kifaa kilikaa wapi. Alizungusha simu, nikaona kabati fupi chini ya dirisha dogo lililo juu ya ukuta, sawa na usawa wa bustani.

“Mwanangu, dirisha hili lilifungwa siku zote za kipimo?”

“Lilifungwa, mwalimu. Ila usiku wa mwisho nilikaanga samaki, moshi ukajaa hadi chumbani, nikalifungua kidogo. Nyumba ya watu, ningefanyaje?”

Jibu hilo lilieleza mengi. Kifaa alichotumia ni kikopo bapa chenye chembe za mkaa maalumu. Mkaa hunasa radoni kutoka hewani, lakini hauishiki milele, kwani hewa ikipungukiwa radoni, mkaa nao huanza kuiachia. Ndiyo maana kikopo cha namna hiyo hubeba zaidi kumbukumbu ya saa za mwisho kuliko ya siku za mwanzo. Dirisha lililofunguliwa usiku wa mwisho, juu kidogo ya kikopo, liliweza kufuta sehemu kubwa ya kilichokusanywa siku tatu kabla yake. Zaidi ya hayo, aliutuma mzigo baada ya wikendi, na kwa gesi inayopungua nusu kila baada ya siku 3.8, kuchelewa si jambo dogo. Maabara hukokotoa na kurudishia kilichopotea njiani, lakini kadiri siku zinavyopita ndivyo uhakika wa hesabu unavyopungua.

Masharti ya kipimo kifupi si magumu, ila yanataka kufuatwa yote kwa pamoja. Madirisha na milango ya nje hufungwa saa 12 kabla ya kuanza na hubaki hivyo hadi mwisho, isipokuwa kuingia na kutoka kwa kawaida. Kifaa huwekwa katika ngazi ya chini kabisa ya nyumba ambayo watu huitumia, kiasi cha nusu mita juu ya sakafu, mbali na dirisha, ukuta wa nje, jiko na bafu. Kikitoka hapo kinafungwa na kupelekwa posta siku hiyohiyo. Binti alirudia kwa utaratibu huo. Nilimshauri aweke vikopo viwili kando kwa kando juu ya stuli karibu na kichwa cha kitanda, na kimoja sebuleni ghorofa ya juu yake. Mwongozo wa EPA humruhusu mtu aliyepata kati ya 4 na 8 kuchagua kipimo kirefu cha zaidi ya siku 90 kabla ya kuchukua hatua, na kwa mwenye nyumba yake hilo huwa ni chaguo zuri, kwa kuwa radoni hupanda na kushuka kwa siku na kwa msimu. Mpangaji ambaye mkataba wake unakwisha mwezi wa Julai hana nafasi hiyo.

Majibu ya pili yalikuwa 11.2 na 10.6 chumbani, na 4.9 sebuleni. Vikopo viwili vilivyokaa pamoja vilikaribiana, na hilo ndilo lililonifanya niviamini. Wastani wake, 10.9, ni bekereli 403 hivi. Huku Tudor habari hiyo ilipokewa vibaya, kama inavyoeleweka, na mama aliniuliza swali lilelile kwa maneno tofauti: “Mwalimu, imemwingia kiasi gani? Apigwe picha ya mapafu?”

Hakuna kipimo cha kawaida cha hospitali kinachoweza kumwambia mtu amevuta radoni kiasi gani, na picha ya mapafu ya kijana mwenye afya haionyeshi lolote kuhusu jambo hilo. Kinachoweza kufanywa ni makadirio. EPA hukadiria kwamba katika watu 1,000 ambao hawajawahi kuvuta sigara, wakiishi maisha yao yote katika kiwango cha 10, takriban 18 wangeweza kupata saratani ya mapafu. Uchambuzi mkubwa wa tafiti za Ulaya uliochapishwa mwaka 2005 ulikuta hatari ikipanda kwa takriban asilimia 16 kwa kila bekereli 100 zinazoongezeka, na hizo ni bekereli za kuishi nazo miongo kadhaa. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Iowa, uliochapishwa mwaka 2000, ulichagua makusudi wanawake waliokaa katika nyumba ileile kwa miaka isiyopungua 20, kwa sababu madhara haya hujengwa na muda. Binti amekaa humo miezi michache, hajawahi kuvuta sigara, na atahitimu mwakani. Nilimwambia mamake kwamba hatari iliyoongezeka kwa mwanawe ni ndogo, kwamba hakuna sababu ya kumkatiza masomo wala ya kumtafutia daktari, na kwamba hata hivyo asilale tena katika chumba kile mpaka nyumba irekebishwe. Alichokiona mama ni mgongano: kama hatari ni ndogo, kwa nini ahame kitandani pake? Lakini mambo hayo mawili hukaa pamoja bila tatizo. Hatari ya mwezi mmoja ni ndogo, na nyumba inayoongeza mwezi juu ya mwezi kwa kila anayeingia humo ni nyumba mbovu.

Katika mazungumzo hayo yote hakuna aliyekuwa amemtaja mtu aliyestahili kutajwa kwanza. Chumba cha ghorofa ya juu, mlango wa kutokea sebuleni, anakaa mpangaji mwingine ambaye yuko katika nyumba hiyo miaka mingi na ambaye huvuta sigara. Sebule ilisoma 4.9, chini ya nusu ya chumba cha binti, na kwa jicho la haraka yeye ndiye aliye salama zaidi. Makadirio ya EPA kwa kiwango cha 4 ni watu 7 katika 1,000 kwa wasiovuta, na 62 kwa wavutaji, kwa kuwa sigara na radoni huzidishana madhara. Mvutaji anayeishi kwenye 4 maisha yake yote ana hatari inayozidi mara tatu ya asiyevuta anayeishi kwenye 10. Familia ya Mombasa ilimhurumia mtoto wao, na ni haki yao, lakini karatasi ile ilihusu nyumba nzima, na ilipaswa kumfikia mpangaji huyo siku ileile. Binti alimwonyesha, na nilifurahi kusikia kwamba alifanya hivyo kabla hajaenda kwa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba alisema mwanzoni kwamba nyumba ina miaka mingi na hakuna aliyewahi kuumwa kwa ajili yake. Alilichukulia suala zima kuwa ni lawama, na ndivyo ambavyo lingekwenda kama binti angefuata ushauri wa kakake wa kumwandikia barua kali. Badala yake alimpelekea majibu yote manne, likiwemo lile la kwanza lililoharibika, pamoja na picha za mahali kila kikopo kilipokaa na tarehe zake. Aliomba jambo moja, kwamba fundi aliyeidhinishwa kwa kazi za radoni aje akague. Nadhani kilichomgeuza mzee yule ni kwamba huko Iowa wanunuzi wa nyumba huulizia radoni mara kwa mara, na nyumba yenye mfumo wa kuitoa huuzika bila maswali. Sina shida na sababu hiyo. Nyumba hurekebishwa kwa sababu zozote zinazomfanya mwenyewe atoe pesa.

Kwa muda wa kusubiri, binti alihamishia godoro sebuleni. Wenzake walipendekeza kufungua madirisha ya juu kila jioni ili nyumba “ipumue,” na hilo nililipinga, kwa sababu dirisha la juu likifunguliwa wakati wa baridi hewa yenye joto hutoka kwa kasi zaidi na chini ya nyumba huvuta zaidi kutoka ardhini. Dirisha la chumba cha chini lenyewe lingesaidia, lakini hakuna anayeweza kuliacha wazi usiku wa Januari huko.

Kazi ya fundi ilikuwa ya siku moja. Alikuta kifuniko cha shimo la maji kimelegea pembeni mwa chumba, akakiziba kwa kifuniko kisichopitisha hewa, akaziba na nyufa za sakafu. Kisha alitoboa sakafu ya zege, akachomeka bomba la plastiki hadi kwenye kokoto zilizo chini yake, akalipandisha hadi juu ya paa na kuweka feni inayovuta mchana na usiku. Feni hiyo huugeuza mvuto: hewa ya chini ya sakafu huondoka kupitia bomba kabla nyumba haijaifyonza, na hutawanyika juu ya paa ambako haimdhuru mtu. Kwenye bomba hubandikwa kimrija chenye umbo la herufi U na maji ya rangi. Pande mbili zikiwa usawa mmoja, feni imekufa, na zikipishana, inavuta. Mfumo wa namna hii kule hugharimu takriban kati ya dola elfu moja na elfu mbili na nusu. Kuziba nyufa peke yake, ambako ndiko mwenye nyumba alikotaka kuishia, hakutoshi, kwa kuwa gesi hupata ufa mwingine. Kipimo baada ya kazi kilikuwa 1.4 chumbani na 0.9 sebuleni. EPA hushauri kurudia kupima kila baada ya miaka miwili, na tarehe ya marudio imeandikwa kwa kalamu ya wino kwenye bomba lenyewe, pembeni mwa kimrija, kwa ajili ya yeyote atakayepanga baada yake.

Baada ya hapo mama aliuliza kuhusu nyumba yake mwenyewe, na swali hilo lilistahili jibu la makini kuliko “huku hakuna mambo hayo.” Kisiwa cha Mombasa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe, na miamba ya chokaa kwa kawaida haina urani nyingi. Nyumba zetu hazina vyumba vya chini ya ardhi, joto la ndani halipishani sana na la nje, kwa hiyo ule mvuto wa nyumba za Ames karibu haupo, na nyumba kama yake ambayo madirisha hufunguliwa yapokee upepo wa kusi na wa kaskazi hubadilisha hewa yake mara nyingi kwa siku. Lakini pwani si ardhi moja. Kilima cha Mrima, kule Kwale karibu na mpaka wa Tanzania, kinajulikana kwa toriamu na kwa mionzi ya asili iliyo juu kuliko kawaida. Toriamu huzaa aina nyingine ya radoni, iitwayo toroni, inayopungua nusu chini ya dakika moja. Gesi yenye maisha mafupi hivyo haiwezi kusafiri kutoka chini sana. Hutoka katika uso wa sakafu na kuta zenyewe, na kwa hiyo huwahusu zaidi watu waliojenga kwa udongo wa mahali hapo. Vikopo vya mkaa haviipimi ipasavyo. Anayetaka kuishughulikia Mrima lazima atumie vifaa vya kutenganisha gesi hizo mbili, na hiyo ni kazi ya wataalamu pamoja na Mamlaka ya Udhibiti wa Nyuklia ya Kenya.

Mama alikuwa tayari kumwagiza binti vikopo kutoka Ames. Nilimshauri asifanye hivyo. Kikopo kilichokaa njiani wiki mbili kurudi maabara huwa kimebakiwa na chini ya sehemu moja ya kumi ya radoni kilichoinasa, na hesabu ya kukirudishia haiaminiki tena. Kifaa kinachofaa kwa umbali huo ni kile chenye kipande cha plastiki ambacho miale ya alfa hukichora vialama visivyofutika, na ambacho hukaa miezi mitatu au zaidi. Katika nyumba yake kipo chumba kimoja tu ambacho jibu lake siwezi kulikisia, nacho ni chumba cha mwanawe wa kiume, kilicho chini, chenye sakafu juu ya ardhi, dirisha lililozibwa kwa ajili ya kiyoyozi, na kiyoyozi cha ukutani ambacho hupoza hewa ileile iliyo ndani bila kuingiza mpya. Kifaa kiwekwe humo, juu ya rafu iliyo mbali na kiyoyozi, kuanzia Januari hadi mwisho wa Machi ambapo joto humfanya afunge mlango usiku kucha, na tarehe ya kuanza iandikwe siku hiyohiyo nyuma yake.